Sinki la Miaka 20

Ukitaja karo hapa Nairobi, mtu anafikiria shule: risiti ya benki, fomu, mtoto aliyerudishwa nyumbani Jumanne asubuhi na mkoba mgongoni. Kwetu Mombasa wazee walikuwa na karo jingine. Nyanya yangu hakuwahi kusema sinki maisha yake yote. Alisema karo, na karo lenyewe lilikuwa kibwawa cha saruji pembeni mwa ua, chenye tundu moja la kutolea maji na ukingo uliolainishwa na mikono ya watu. Nyumbani kwetu maana hizo mbili ziliishi pamoja bila kugombana. Karo ya shule ya watoto wanne ilitoka kwenye karo la vyombo. Mama alipika, watu wakala wakalipa, sisi tukaosha, mwalimu mkuu akanyamaza.

Nayasema haya mapema ili usituone wendawazimu nikikwambia kwamba mwaka jana watu wazima wanne tulizozana wiki tatu nzima kwenye WhatsApp juu ya sinki.

Mama anapika nyumbani, Kisauni. Si mgahawa, hana kibao wala meza za wateja. Alfajiri ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi vya karai na bajia, na wikendi ndiyo kazi yenyewe: pilau ya arusi, biriani ya mahari, wali wa hitima. Ramadhani usiseme. Ana sufuria tatu ambazo sisi tulikua nazo kama ndugu zetu wakubwa. Ile ya kilo 10 za mchele niliipima kwa futi ya fundi: mdomo wake ni sentimita 52. Ukiiloweka ili ukoko ulainike, ukatia maji nusu tu, umeshaweka kilo 30 na ushee, maana lita moja ya maji ni kilo moja, na sufuria yenyewe hujaihesabu.

Sasa chukua picha hiyo uilinganishe na sinki la bedsita ninayokaa, Roysambu. Lile lilichorwa na mtu ambaye chakula chake cha jioni ni mayai mawili. Sufuria ya ugali wa watu watatu ikiingia, mfereji hauna pa kugeukia. Silalamiki sana, mimi mwenyewe siku nyingine ni mayai mawili. Lakini nyumba nyingi za familia nilizoingia hapa mjini, hata zile za vyumba vitatu zenye vigae vinavyong'aa, zina sinki la ukubwa ule ule, limeongezewa tu bakuli la pili ubavuni. Aliyechora ramani alifikiria vikombe.

Sufuria isipoingia kwenye sinki, inashuka chini. Na ikishuka, anayeiosha anashuka nayo. Hilo ndilo jambo ambalo muuza sinki hakuambii. Utakaa kwenye kigoda, magoti yamekaribia masikio, kiuno kimekunjwa, mkono mmoja unashika sufuria isizunguke na mwingine unasugua. Dadangu na mimi tulimaliza shule ya msingi na sekondari katika mkao huo. Mimi nikaenda chuo, nikapata kazi, nikasimama. Dadangu alibaki nyumbani na Mama, na kigoda kile kile.

Sinki la chuma tulilokuwa nalo kabla ya hili lililetwa na kontrakta aliyetutengenezea jiko la ndani. Alisema ni stenlesi orijino. Mwaka wa pili likaanza madoa ya rangi ya chai pale maji yanapotuama, karibu na tundu. Wa tatu yakawa vishimo ukipitisha kucha. Wa nne dadangu alifungua kabati la chini akakuta mbao zile za unga uliogandishwa zimefura kama mkate uliochovywa chai, na tone moja, tone moja, linashuka kutoka tumboni mwa sinki. Kontrakta, simu yake haipatikani.

Watu wa bara huniuliza stenlesi inashikaje kutu. Hebu tuanzie maji. Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na kwetu yanafika yakitaka. Siku nyingine zote tunatumia ya kisima, na visima vya pwani vina chumvi. Ya kupikia na kunywa tunanunua kwa mitungi ya lita 20. Ya kuoshea vyombo ni ya kisima, ungefanyaje? Kwa hiyo sinki letu linaogeshwa maji ya chumvi kutwa, halafu usiku linakauka na chumvi inabaki pale pale.

Na stenlesi si chuma kisichojua kutu. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5 hivi, na ile kromiamu ikikutana na hewa inajitengenezea ngozi nyembamba sana usiyoweza kuiona. Ukiikwaruza, ngozi inajirudisha yenyewe mradi kuna oksijeni. Mwingereza mmoja, Harry Brearley wa Sheffield, mji wa watengeneza visu, aliifikia mwaka 1913 akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Sasa adui wa ngozi hiyo ni kloraidi, na chumvi imejaa kloraidi. Haili chuma chote kama kutu ya bati. Inatoboa mahali padogo, inaingia, inachimba kwenda chini. Juu unaona kidoti, chini tayari ni kisima. Blichi ya kufulia nayo ina kazi hiyo hiyo. Wale mnaoimwaga kwenye sinki usiku kucha ili ling'are asubuhi, mnalilisha sumu. Na zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida juu ya sinki, vikashika kutu vyenyewe, lawama ikaenda kwa sinki.

Nilichukua likizo ya wiki moja nikashuka Mombasa. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Kila fundi wa mtaani atakwambia: weka sumaku, ikishika si stenlesi nzuri, isiposhika nunua. Nikazunguka maduka ya hadware ya Mwembe Tayari kama mkaguzi wa serikali. Duka la tatu, kijana akanicheka.

"Dada, weka hiyo sumaku popote utakapo. Haishiki!"

Haikushika kweli. Na ndipo penye ujanja. Stenlesi ya bei ya chini kabisa, ile wanayoiita 430, haina nikeli na sumaku inaidaka. Lakini kuna 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na pahala pake pakajazwa manganizi, na hiyo sumaku haiioni. Inang'aa sawa na 304 yenyewe, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ila kwenye maji kama yetu haidumu hivyo. Halafu, ili kukuvuruga kabisa, hata 304 nzuri inaweza kuvuta sumaku kidogo kwenye kona zilizokunjwa kwa nguvu kiwandani. Kwa hiyo sumaku inakutoa kwa tapeli mmoja na kukukabidhi kwa mwingine.

Nikamuuliza yule kijana hili ni 304 au 201. Akaangalia dari. Nikamuuliza atanipa risiti iliyoandikwa namba hiyo. Akaniambia nirudi bosi akiwepo. Swali hilo la risiti ndilo lililofanya kazi kuliko sumaku. Katika maduka saba, mawili tu yalikubali kuandika.

Unene ulikuwa rahisi zaidi. Unaitwa geji, na geji ni kama namba ya darasani, wa 1 anamshinda wa 40. Geji 22 ni kama milimita 0.8, ukilibonyeza tumbo la sinki kwa kidole gumba linacheza kama kopo la mafuta ya kupaka. Geji 18 ni kama 1.2. Geji 16 inafika 1.5 hivi, na hiyo ukiigonga inajibu kwa sauti nzito. Masinki mengi niliyoyakuta yalikuwa yale ya kucheza. Kwa nyumba ya vikombe, sawa. Kwetu, sufuria ya kilo 30 ikidondoka mkononi mara moja, tumbo linashuka, na likishuka maji hayaendi tena kwenye tundu, yanatuama kwenye bonde jipya, na mahali maji ya chumvi yanapotuama ushajua mwisho wake.

Na yote, kila moja, yalikuwa ya bakuli mbili. Nilipima: sentimita 34 kwa 40 kila upande. Sufuria yetu ndogo kabisa ya biashara ina mdomo wa 40. Bakuli mbili zinapendeza kwenye picha, upande huu sabuni, upande huu kusuuza, lakini mtu wa sufuria anahitaji bakuli moja pana. Akitaka kutenganisha sabuni na maji safi, ataweka beseni ndani ya sinki. Hakuna beseni litakaloligeuza sinki dogo kuwa kubwa.

Nilitazama vitu vingine pia. Yale masinki meusi ya unga wa mawe na gundi ni mazuri jamani, nisiseme uongo, na joto yanalivumilia. Ila yakipigwa na mchi wa kinu yakapasuka, hakuna wa kuyachomelea. Ya kauri nyeupe yanavunja glasi zako badala ya kuvunjika yenyewe, na yana uzito wake kabla hujatia maji. Moyo wangu ulikuwa kwa terazo, nikikumbuka karo la nyanya. Lile lilikula chumvi miaka yote na lilipopasuka mjomba alilikandika kwa kijiko cha saruji. Lakini ndimu, ukwaju na siki vinakula saruji pole pole, na mafuta ya nazi yakishaingia kwenye vitundu vyake harufu haitoki. Nyanya alikuwa na jua la ua la kulikausha. Sisi tumeshaweka paa.

Ikabaki kutengenezesha. Mombasa ina hoteli, na hoteli zina majiko, kwa hiyo wapo mafundi wanaoishi kwa kukunja na kuchomelea stenlesi. Nilimpata mmoja upande wa Changamwe. Bei ya sinki la dukani ilikuwa 4,500. Yake, 304 ya milimita 1.5, bakuli la sentimita 75 kwa 55, na miguu yake ya chuma, ilikuwa 34,000. Nikaiweka kwenye grupu.

Ndipo vita vilipoanza.

Kakangu yuko Doha. Si mchoyo, naomba hilo lieleweke, ndiye aliyelipia paa. Aliandika: "Mama ana miaka 61. Hilo sinki la miaka 20 ni la nani?" Nikaandika jibu, nikalifuta. Akaongeza: "Tunamnunulia kazi. Tumwambie apumzike, kila mmoja wetu atume elfu tano kila mwezi." Mdogo wetu akaweka ile emoji ya mikono iliyoshikamana, ambayo kwake ina maana hana elfu tano.

Sikuwa na la kumjibu kwa siku mbili, kwa sababu swali lake lilikuwa swali. Kitu cha kudumu unakinunua ukiwa na picha kichwani ya atakayekitumia. Picha yangu mimi ilikuwa Mama amesimama wima, anaosha. Kakangu aliiona picha hiyo hiyo na ikamuuma: Mama ana miaka 81, bado anaosha.

Mama hayumo kwenye grupu na anajua kila kinachoandikwa humo. Alikuwa anakamua tui, hakuinua kichwa. "Mwambie kakako nimemsikia. Mimi nikitumiwa pesa, nakaa nangoja simu ilie. Nikipika singoji mtu."

Nikalituma hilo neno kwa neno. Kimya. Halafu dadangu, ambaye wiki zote hizo alikuwa anasoma tu, akaandika: "Mnabishana Mama apike asipike. Mama haoshi. Haoshi tangu mgongo ulipomshika. Anayeosha ni mimi. Nina miaka 36. Miaka 20 ni yangu."

Na chini yake: "Nataka nisimame."

Grupu lililala saa nzima. Kisha M-Pesa ikaanza kuingia kwangu. Kakangu alipitisha yake kwa binamu, alfu 15, na ujumbe usio na salamu: mfereji ninunue ule wa shingo ndefu, unaovutika.

Fundi alikuja kupima. Kawaida yao ni kuweka ukingo sentimita 90 kutoka sakafuni, kila nyumba, kila mtu. Lakini sinki lenye kina hudanganya. Mikono yako haifanyi kazi ukingoni, inafanya kazi chini, kwenye tumbo, na tumbo letu lilikuwa lishuke sentimita 28. Ukingo ukiwa 90, unaosha kwenye 62, karibu na magoti ya dadangu, ambaye amemrithi baba kwa urefu. Umelipa alfu 34 ili uiname ukiwa umesimama.

Fundi akawaambia wasimame wote wawili, waache mikono ining'inie. Mama ni mfupi. Tofauti yao ilikuwa kama kiganja kizima.

"Nipime nani?"

Mama akamsukuma dadangu mbele. "Mpime huyu."

"Na wewe ukitaka kuosha mchele, bi mkubwa?"

Mama akasema atajua la kufanya. Fundi akatikisa kichwa, si kwa kukataa, akaandika. "Ni sawa. Mfupi unampa ubao akapanda. Mrefu huwezi kumchimbia shimo."

Ukingo ukawekwa sentimita 100. Ubao wa Mama upo, umetengenezwa kwa mbao za kitanda cha zamani, na usiku unaegemezwa ukutani ukauke.

Mambo mengine niliyapenda kwa jinsi yalivyofikiriwa. Kona za ndani ziliviringwa, maana kona kali inapendeza dukani lakini mchele unalala humo. Tumbo lina mteremko kidogo kuelekea tundu. Tundu lenyewe ni la sentimita 9 na lina kikapu cha kudaka mabaki, na bomba la chini ni la inchi mbili badala ya lile la inchi moja na nusu. Kabati hakuna. Sinki hilo likijaa maji ni zaidi ya kilo 100, kwa hiyo linasimama kwa miguu yake, na chini yake upepo unapita. Chini ya tumbo fundi alibandika vipande vya mpira wa tairi ili maji yasipige ngoma. Nilimuuliza kuhusu 316, ile yenye molibdeni inayostahimili chumvi ya bahari zaidi, akanitajia bei, nikamshukuru. Akasema 304 itatosha tukikubali kazi moja ndogo: kila usiku lisuuzwe kwa maji matamu, hata nusu mtungi, kisha lipanguswe likauke. Lisilale na chumvi.

Kazi hiyo wanaifanya kwa zamu na mpwa wangu wa kiume, ambaye dadangu ameamua hatakua akidhani sufuria hujiosha zenyewe. Khanga moja kuukuu imestaafishwa kwa ajili hiyo. Mafuta ya kukaangia hayaendi bombani, yanaingia kwenye debe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai hata Mombasa hufika huko, kwa hiyo sufuria yenye mafuta inapanguswa kwanza na gazeti. Hayo ni masharti ya dadangu, yamebandikwa ukutani kwa mkono wake, na wateja wanaokuja kuchukua oda wanayasoma.

Mama alipoliona mara ya kwanza alilizunguka, akaligonga, akasema, "Hili si karo, hili ni mtumbwi." Sufuria ya kilo 10 iliingia na ikabaki nafasi ya kugeuza mkono. Dadangu aliosha hitima ya watu 80 amesimama, redio imewashwa, na alipomaliza hakushika kiuno. Nilikuwa namtazama kiuno tu.

Sinki lina miezi kumi na moja sasa. Doa sijaona. Miezi kumi na moja si miaka 20, nalijua hilo, na kakangu hukumbusha. Lakini wiki iliyopita Mama alinipigia mwenyewe, jambo asilolifanya kwa sababu ya kuogopa kumaliza kredo. Alitaka namba ya yule fundi wa Changamwe. Anataka la pili, dogo, la uani, la samaki, na hilo lipimwe kwa urefu wake yeye. Nikamwambia ngoja niwaulize wenzangu kwenye grupu tuchange.

"Grupu la nini?" akasema. "Nina arusi mbili baada ya Idi. Nipe namba."